Umeme wa Ziwani na Umeme Wetu



Huenda mtu akauliza, mkulima wa karafuu ana haja gani na habari za Mwanza? Twajibu kwamba anayo, tena kubwa. Waya wa chini ya bahari uletao umeme Pemba kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na ule uletao Unguja kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, yote imefungwa katika gridi ile ile ya Taifa ifikayo Mwanza. Sisi tumo mkiani upande wa bahari, wenzetu wamo mkiani upande wa ziwa, na mwenye kukaa mkiani ndiye wa mwisho kupata na wa kwanza kukosa.

Watu wa Ziwa Victoria wanafanana nasi kwa jambo jingine. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kisha huanikwa mchangani au juu ya chanja kama sisi tuanikavyo karafuu majamvini. Mvua ikinyesha siku ya pili, wao wana dagaa walioharibika na sisi tuna mpeta. Hasara hiyo ni ya mbingu, na hakuna ofisi ya kuipelekea mashtaka.

Lakini sangara hamwogopi Mungu peke yake, humwogopa na TANESCO. Samaki huyu hangoji. Tangu viwanda vya minofu vilipoanza kusimama pwani ya Mwanza miaka ya 1990, vikiuza Ulaya, kazi yote imekuwa ni ya barafu na majokofu. Umeme ukikatika, kiwanda kikubwa huwasha jenereta yake. Mafuta ya jenereta ni ghali kuliko umeme wa gridi, na gharama ile haimezwi na mwenye kiwanda. Mnunuzi wa Ulaya naye hailipi, kwa kuwa anaweza kununua samaki Uganda au Kenya. Basi hushuka pole pole mpaka mwaloni, ikapunguzwa katika bei ya kilo anayopewa mvuvi mwenye mtumbwi, ambaye nyumbani kwake pengine hana hata taa moja ya umeme. Mkulima wa karafuu anayafahamu hayo bila kufundishwa.

Na fundi wa kuchomea vyuma, kinyozi, mwenye mashine ya kusaga, mama auzaye juisi ya baridi? Hao hawana wa kumshushia. Wanakaa mlangoni wakingoja, na kodi ya chumba haikatiki kama umeme unavyokatika.

Linalotuudhi zaidi ni hili la mita za LUKU, ambazo kwetu Visiwani ni TUKUZA. Zamani mtu alitumia umeme kisha akaletewa hati ya malipo. Siku hizi mnunuzi hutoa fedha kwanza, na muuzaji huleta mali saa apendayo. Tungependa kujua ni mfanyabiashara gani mwingine aliyeruhusiwa kuuza hivyo. Sisi karafuu zetu hupimwa kwanza.

Serikali haikukaa kimya, ni lazima tukubali. Ila maneno yake yamekuwa mengi na kila mwaka yana sura yake. Mwaka 2006 ilikuwa ukame, mabwawa yakakauka, ikaletwa habari ya mitambo ya dharura ya Richmond, nayo ikaishia kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008. Mwaka 2023 mgawo ulirudi, na Rais akambadilisha mkuu wa TANESCO. Watu wakaambiwa wangoje bwawa la Rufiji. Haya, limekuja: megawati 2,115, mtambo wa kwanza ukaanza kazi Februari 2024. Uhaba wa umeme si jibu tena. Sasa jibu ni nyaya na umbali, na Machi 2025 Rais mwenyewe akasema mikoa ya kaskazini itanunuliwa umeme Ethiopia, kwa sababu umeme wa mbali hupotea njiani. Huenda hesabu yake ni sawa. Lakini umbali wa Rufiji haukuzaliwa jana, nao ungalipasa kutajwa siku ile watu walipoahidiwa kwamba bwawa likijaa taabu zimekwisha.

Tutazame Ukara, maana ni kisiwa kama sisi. Ni kile kisiwa ambacho kivuko MV Nyerere kilizama kikikaribia gati lake tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 220. Katika kijiji chake cha Bwisya, kampuni ya JUMEME iliwasha mwaka 2016 umeme wa jua wa gridi ndogo. Umeme ulikuja, ila bei yake kwa yuniti ilikuwa mara nyingi kuliko aliyolipa mtu wa Mwanza mjini. Watu walilalamika, na haki yao. Mwaka 2020 Serikali ikaagiza bei ya gridi ndogo ishuke mpaka shilingi 100 kwa yuniti.

Wengi walishangilia. Sisi twaona agizo lile lilikuwa la haki kwa mnunuzi, bali hesabu yake haikumalizika. Swali ambalo lingepasa kuitangulia bei ni hili: tofauti yailipa nani? Kama ni Hazina, na iandikwe katika bajeti, Wabunge waione. Kama ni kampuni, basi mtu asitaraji itavuta waya kwenda kijiji cha pili. Umeme wa rahisi usiokuwapo hausagi mahindi, na wa ghali unaokuwapo husagia wachache. Kuchagua baina ya hivyo viwili si kazi ya mwananchi. Kodi alikwisha kutoa.

Kwetu tumeonja vya kutosha. Unguja ililala gizani karibu mwezi mzima kuanzia Mei 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, mahoteli na maduka yakiishi kwa jenereta na watu wakihangaika kwa maji kwa kuwa pampu zilisimama. Machi 2017, ilipotishiwa kwamba Zanzibar itakatiwa umeme kwa deni, Rais Shein alijibu kuwa tutawasha vibatari. Jibu la kishujaa, nalo lilitufurahisha. Lakini kibatari hakizungushi pampu.

Basi tunayotaka ni machache. Saa za kukata zitangazwe mapema, na zikitangazwa zifuatwe. Aliyelipa kabla akiunguziwa jokofu na umeme unaopanda na kushuka, pawe na mahali pa kudai na siku ya kujibiwa. Na bei ikibadilishwa, itajwe mlipaji wa tofauti.

Tunawaomba wanachama wa kila tawi, hasa wenye mashine na maduka, waandike katika daftari tarehe na saa umeme ulipokatika na uliporudi, na mali iliyoharibika, wamkabidhi katibu wa tawi kabla ya mavuno ya vuli. Tutazijumlisha na kuzipeleka kwa Shirika la Umeme kwa barua, na jibu tutalichapa humu neno kwa neno, au tutachapa kwamba halikuja.