Fedha ya Matembezi Iandikwe Upande Gani?



Mwezi uliopita, katika ukurasa huu wa vijana, naliwaeleza namna ya kuandika hesabu ya nyumba, mapato upande huu na matumizi upande ule. Basi nimepata barua ya kijana mmoja, fundi wa umeme hapa Makambako, aliyepokea mshahara wake wa kwanza juzi juzi tu. Auliza hivi: fedha anayoitumia kutembea na rafiki zake siku za mapumziko, aiandike pamoja na chakula na kodi ya nyumba, au aiandike kuwa hasara? Maana baba yake mdogo amemwambia ya kuwa mtu apandaye basi pasipo msiba wala biashara ni mharibifu wa mali.

Nalitaka kumjibu kwa maneno mawili, kama ilivyo desturi yetu makarani. Lakini nalipofungua daftari langu mwenyewe la mwaka huu wa 2025, nikaona sharti niungame kwanza.

Nalipoanza kazi ya hesabu katika mji huu, naliandika malengo yangu matatu katika ukurasa wa kwanza wa daftari: kufaulu mtihani wa Bodi ya wahasibu, kununua bati za nyumba ya mama, na kumlipia mdogo wangu ada ya shule. Ni malengo mema, wala siyajutii. Walakini naliyashika kama mtu ashikavyo fimbo. Kila Jumamosi nalifunga mlango nikasoma. Kila shilingi iliyotoka pasipo kuelekea moja ya hayo matatu naliiona kama imeibwa.

Katika ua ule ule tunaopanga alikaa muuguzi mmoja, mwanamke anayenizidi miaka minne. Mimi humwita dada, naye huniita mdogo wangu, ingawa hatuna undugu ila wa kanisa na wa bomba moja la maji. Mwezi wa Machi alinijia, akasema, "Mdogo wangu, masika yanakaribia kwisha. Twende Njombe siku moja tukatazame maji ya Luhuji yakiwa bado mengi." Nikamjibu, "Dada, nina mtihani." Mwezi wa Aprili akanijia tena. Nikasema, "Dada, fedha ya mwezi huu imekwisha kupangwa." Mwezi wa Mei alibisha hodi siku ya Jumamosi asubuhi na mapema, nami nalimjibu nikiwa ndani, wala sikuinuka kumfungulia.

Hakubisha tena. Baada ya wiki mbili nikasikia kwa majirani ya kuwa barua yake ya uhamisho imefika, naye anakwenda Makete. Nisikie kwa majirani, mimi niliyetenganishwa naye kwa ukuta mmoja! Jioni ile nalikwenda mimi kubisha hodi kwake. Akanifungulia, akacheka, wala hakunikumbusha neno. Tukapatana kusafiri Jumamosi iliyofuata Sikukuu ya Kupaa Bwana.

Toka Makambako hata Njombe ni kilometa kama 60, na basi dogo hupanda karibu njia yote. Wenzetu wa Ulaya husifu majira yao ya majani kugeuka rangi na kuanguka, nao hutoka makundi makundi kuyatazama. Sisi wa nyanda za juu hatuna majira ya namna ile, bali tuna siku hizi za mwisho wa masika, nazo mtu asizidharau. Mvua imekoma, vumbi halijainuka, mahindi yanageuka manjano shambani, na asubuhi ukungu hulala mabondeni kama maziwa katika kibuyu. Tulipita misitu ya misonobari na miwati. Mti wa muwati hupandwa kwa ajili ya magome yake yatumikayo kutengeneza ngozi, na kampuni yake pale Kibena ilianzishwa mwaka 1949. Kisha yakatokea mashamba ya chai, yamekatwa sawasawa kama zulia.

Mji wa Njombe umeinuka meta 1,900 na zaidi juu ya bahari. Tuliposhuka katika basi tulitoa moshi vinywani kama wavuta tumbaku. Mama mmoja muuza viazi alitupokea kwa kusema "Kamwene!", nasi tukaitikia. Akamtazama mwenzangu aliyevaa kitambaa chepesi, akamwambia ya kuwa hiyo bado si baridi, baridi yenyewe ni ya Juni na Julai, ambapo sakitu, yaani umande ulioganda, huweza kuunguza viazi shambani. Akatuuzia mahindi ya kuchoma. Sijapata kula mahindi matamu kama yale, ingawa labda ilikuwa njaa.

Maporomoko ya Luhuji yako karibu na mji, hata mtu aweza kufika kwa miguu. Tulikaa juu ya jiwe tukitazama maji. Nikamweleza mwenzangu (maana karani hawezi kunyamaza) ya kuwa maji yale hushuka mpaka bonde la Kilombero, yakaingia Rufiji, na kabla ya kufika Bahari ya Hindi hupita katika Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024, na mitambo yote 9 ina nguvu ya megawati 2,115. Akasema, "Kumbe taa yangu ya zamu ya usiku yaweza kutoka hapa." Akanyamaza kitambo.

Ndipo akaniambia habari ya ile Jumamosi ya Mei. Usiku wa kuamkia siku ile mama mmoja alifariki katika uzazi mikononi mwake. Mtoto aliishi. Yeye alimwosha mtoto, akamkabidhi kwa bibi yake, akamaliza zamu, akarudi nyumbani kulipopambazuka. Akasema, "Sikutaka maporomoko siku ile, mdogo wangu. Nalitaka mtu wa kukaa naye ndani ya basi, asiniulize kitu."

Sikuwa na jibu. Nalimwambia, "Dada, nisamehe," naye akanishika mkono, tukaendelea kutazama maji. Katika malengo yangu matatu, yote yaliyoandikwa kwa wino mweusi na kupigwa mstari chini, halikuwapo jina la mtu aliyelala upande wa pili wa ukuta wangu.

Mchana tulikula ugali na maharage kwa mama lishe karibu na stendi. Kijana mmoja akatukaribisha ulanzi, ile pombe ya mianzi, wa mwisho wa msimu, akisema bado ni mtamu. Tulimshukuru tukapita. Nalisema hili kwa sababu wako wanaoita matembezi kile ambacho ni ulevi tu uliopandishwa basi, na kwa hao baba mdogo wa rafiki yetu fundi amesema kweli tupu.

Tulirudi Makambako jua likichwa. Kwenye reli kulikuwa na treni ya mizigo imesimama. Mwenzangu alisema alipokuwa mtoto kijijini alidhani reli ile ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, haina mwisho. Nikamwambia mwisho wake ni Kapiri Mposhi, kilometa 1,860 toka Dar es Salaam. Akasema, "Wewe huwezi kuacha kitu kikawa hakina mwisho." Tukacheka mpaka watu wakatutazama.

Usiku ule naliandika katika daftari: nauli, mahindi, chakula, na debe dogo la viazi, jumla shilingi 19,500. Kisha nikakaa na kalamu mkononi nisijue niandike upande gani, kama vile kijana wetu asivyojua leo.

Basi, ndugu fundi, jibu langu ni hili. Usitembee kwa fedha ya mkopo, wala kwa ada ya mdogo wako, wala kwa fedha ambayo mama yako anaitazamia. Lakini penye mshahara wa haki na iliyobaki ikiwa yako, tenga sehemu yake kila mwezi, hata ikiwa ndogo, uiandike mahali pamoja na chakula. Na baba yako mdogo umchukue pamoja nawe siku moja. Yamkini hajapata kualikwa.

Dada yangu alihamia Makete mwezi wa Juni. Bati za mama zimekwisha kununuliwa. Mtihani wangu ni Novemba hii, nami naomba mniombee. Huko Makete iko Hifadhi ya Kitulo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua yake huchanua tangu Novemba hata Aprili, na okidi peke yake zimehesabiwa aina 45. Ameniandikia kwa simu ya kuwa amekwisha kuuliza nauli, na kitanda cha pili kipo. Nimejibu ya kuwa nitakuja Jumamosi ya kwanza baada ya mtihani, nikaandika tarehe katika ukurasa wa kwanza wa daftari, chini ya yale matatu.