Pokémon GO haisomi barua pepe zako

Tangu Pokémon GO izinduliwe Julai 2016, tuhuma dhidi yake hazijakauka, na nyingi kati yake hazina kichwa wala miguu. Ningeziacha zipite kama hazingekuwa zinaisaidia kampuni yenyewe. Watu wanapopiga kelele juu ya jambo ambalo halikutokea, wenye gemu hulikanusha, tena kwa haki kabisa, na yale yaliyotokea kweli yanapita bila kuguswa, ingawa yameandikwa waziwazi katika masharti yao. Kwa hiyo hapa nachambua madai ya pande zote mbili, ya wanaolishutumu gemu hili na ya wanaolitetea.

Kwa asiyelijua: unatembea mtaani na simu mkononi, ramani ya mtaa huohuo inatokea kwenye kioo, na viumbe vya katuni vinajitokeza hapa na pale uvikamate. Sanamu, kanisa, mchoro wa ukutani au kituo cha treni kimegeuzwa kuwa PokéStop, mahali pa kuchukulia zana za mchezo. Gemu lisipojua uliposimama, halichezeki. Hilo halikufichwa tangu siku ya kwanza.

“Lilikuwa linasoma barua pepe za watu”

Tuhuma hii ndiyo iliyovuma kuliko zote, na ilianza na jambo la kweli. Wachezaji wa iPhone waliojiunga kwa akaunti ya Google siku zile za mwanzo walipofungua ukurasa wa usalama wa akaunti zao waliikuta programu iitwayo “Pokemon Go Release”, na kando yake maelezo kwamba ina ruhusa kamili. Kwa maelezo ya Google ya wakati huo, programu yenye ruhusa ya aina hiyo iliweza kuona na kubadilisha karibu kila kilichomo kwenye akaunti. Watu wakamalizia wenyewe: basi wanasoma Gmail, wanapekua picha, wanatuma barua kwa majina yetu.

Niantic, kampuni ya San Francisco iliyotengeneza gemu, ilijibu kwamba ruhusa hiyo iliombwa kimakosa na kwamba ilichochukua ni utambulisho wa akaunti na anwani ya barua pepe tu. Google ilithibitisha, na toleo lililorekebishwa likatoka siku chache tu baadaye. Mpaka leo hakuna aliyeonyesha barua hata moja iliyosomwa. Tuhuma imeanguka.

Lakini fundi aliyekuja kuziba bomba akaondoka na funguo za nyumba nzima, hata kama hakugusa kijiko, ana maswali ya kujibu. Na maswali yaliulizwa. Tarehe 12 Julai 2016 Seneta Al Franken wa Marekani aliiandikia Niantic akitaka kujua ni data zipi hasa gemu linazihitaji ili lifanye kazi, zinakwenda kwa nani, na idhini ya wazazi wa wachezaji watoto inapatikanaje. Hayo ndiyo yaliyokuwa maswali ya maana, lakini nani aliyasikia katikati ya zogo la Gmail?

Sera ya faragha ya mwaka huohuo ilikuwa na kifungu ambacho wachache walikitilia maanani: taarifa za wachezaji, hata zile zinazomtambulisha mtu, zinahesabiwa kuwa mali ya biashara, na kampuni ikinunuliwa zinaweza kwenda kwa mnunuzi. Kikumbuke kifungu hicho, tutakutana nacho tena.

“Ni mradi wa CIA”

Wanaosema hivi wana mnyororo wao, na kila pete ya mnyororo huo ni ya kweli. John Hanke, mwanzilishi wa Niantic, kabla ya hapo alikuwa na kampuni ya ramani iliyoitwa Keyhole. Mwaka 2003 Keyhole ilipata fedha kutoka In-Q-Tel, mfuko wa uwekezaji ulioanzishwa kwa ajili ya mahitaji ya CIA. Mwaka 2004 Google iliinunua Keyhole, na kutoka humo ikazaliwa Google Earth. Niantic nayo ilianzia ndani ya Google mwaka 2010, ikajitenga mwaka 2015.

Yote hayo yanathibitisha kwamba Hanke anajua ramani. Kwamba CIA ina mkono katika gemu lililotoka miaka 13 baada ya fedha zile, hayathibitishi. Anayetaka historia ya kumtia shaka asiende mbali hivyo. Wakati Hanke akiongoza kitengo cha ramani cha Google, magari ya Street View yaliyokuwa yakipiga picha za barabara yalinasa pia data kutoka mitandao ya Wi-Fi ya majumbani isiyokuwa na nywila. Google ilikiri mwaka 2010, na mwaka 2013 ikakubali kulipa dola milioni 7 kumaliza madai ya majimbo kadhaa ya Marekani. Hakukuwa na jasusi hapo. Kulikuwa na kampuni iliyokusanya zaidi ya ilivyohitaji kwa sababu hakukuwa na wa kuizuia.

“Kila hatua uliyotembea imefundisha akili mnemba bila wewe kujua”

Dai hili lilizuka Novemba 2024, Niantic ilipotangaza kwamba inaunda modeli kubwa ya kijiografia, yaani akili mnemba inayoitambua dunia kwa macho kama mtu anavyoutambua mtaa wake. Kampuni ilisema ina maeneo milioni 10 duniani yaliyokwisha kupigwa skani, na kwamba kila wiki hupokea skani mpya zipatazo milioni moja. Vichwa vya habari vikaandika kwamba wachezaji walitumikishwa kwa siri.

Niantic ikakanusha: kutembea tu huku ukicheza hakuifundishi modeli hiyo kitu. Ni kweli. Kinachotumika ni skani, na skani ni hiari. Mchezaji aliyefika kiwango fulani hupewa kazi: nenda kwenye sanamu ile, fungua kamera, izunguke polepole ukirekodi. Video fupi ikishakamilika, unaulizwa uitume sasa hivi au usubiri Wi-Fi. Ukiituma unapata zawadi, kama mipira michache ya kukamatia viumbe. Kazi hizi zilianza mwaka 2020, na maelezo yake yalisema wazi kwamba lengo ni kutengeneza ramani ya pande tatu.

Basi siri haikuwepo, na anayesema “kila hatua” anakosea. Hata hivyo, neno “hiari” linabeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Satelaiti huona paa, gari la Street View huona barabara, lakini hakuna kati ya hivyo kinachoona sanamu iliyo katikati ya bustani kwa kimo cha macho ya binadamu, asubuhi na jioni, kiangazi na mvua. Anayeona hivyo ni mtembea kwa miguu, na kumlipa mtembea kwa miguu mshahara katika kila mji wa dunia kungekuwa gharama isiyobebeka. Hapa amelipwa mipira ya katuni. Aliyekubali mwaka 2020 alikubali kupamba gemu alilolipenda. Hakuna aliyemwambia kwamba miaka minne baadaye video yake ingekuwa sehemu ya bidhaa ya kampuni ya akili mnemba. Idhini aliitoa kweli, lakini aliitoa kwa jambo dogo kuliko lililofanyika.

“Kampuni haiuzi data za mtu”

Huu ndio utetezi unaopendwa zaidi, na ndio unaostahili kutafakariwa kwa muda. Ukiusoma neno kwa neno, sina ushahidi wa kuupinga. Hakuna soko lililowahi kuonyeshwa ambako Niantic inauza orodha ya majina ya wachezaji na njia walizopita.

Sasa tazama biashara yenyewe. Gemu lilipoingia Japani Julai 2016, lilikuja pamoja na McDonald’s, na karibu migahawa 3,000 ya kampuni hiyo ikageuzwa kuwa vituo vya mchezo. Desemba mwaka huohuo ikafuata Starbucks nchini Marekani, maduka 7,800. Hanke mwenyewe alikuwa amekwisha kueleza kwamba mdhamini hulipia watu wanaofika mlangoni, kama ambavyo kwenye intaneti mtangazaji hulipia mibofyo. Mdhamini hana haja ya jina lako. Anachonunua ni kwamba umefika, na ili kampuni imwonyeshe kwamba umefika, lazima kwanza ijue uliko.

Kwa hiyo “hatuuzi data zako” na “tunauza safari zako” zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Sioni dhambi katika kumvuta mteja kwa katuni. Wauza vinywaji wametufanyia hivyo kwa vizibo vya chupa tangu tukiwa watoto. Shida ni kuitumia sentensi ya kwanza kumnyamazisha anayeuliza juu ya ya pili.

Kisha ukaja mwaka 2025. Mwezi Machi ilitangazwa kwamba kampuni ya magemu ya Scopely inanunua kitengo cha magemu cha Niantic kwa dola bilioni 3.5, na mwezi Mei mauzo yakakamilika. Pokémon GO, Pikmin Bloom na Monster Hunter Now, zenye wachezaji zaidi ya milioni 30 kwa mwezi, zikapata mmiliki mpya. Teknolojia ya ramani ilibaki kwa waliokuwa Niantic, katika kampuni mpya iitwayo Niantic Spatial, iliyoanza na mtaji wa dola milioni 250. Mali ikagawanywa mafungu mawili, wachezaji huku na ramani waliyosaidia kuichora kule. Kile kifungu cha mwaka 2016 kilikuwa kimelitabiri fungu la kwanza miaka tisa kabla. Haikuwa lazima kuuza data za mtu yeyote. Iliuzwa nyumba nzima, na data zilikuwamo ndani.

“Sasa Saudi Arabia inakuona ulipo”

Scopely ni mali ya Savvy Games Group, na Savvy ni mali ya Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia, ambao mwenyekiti wake ni Mwanamfalme Mohammed bin Salman. Kutoka hapo watu wakaruka moja kwa moja hadi kwenye hitimisho kwamba Riyadh inafuatilia kila mchezaji.

Ushahidi wa hilo haupo. Uongozi wa gemu umesema hadharani kwamba data za wachezaji haziuzwi na kwamba timu ileile inaendelea kulisimamia. Nawaamini kiasi cha kukataa kuusambaza uvumi. Ila ahadi ni kitu kimoja na kizuizi ni kingine. Hata Niantic ya mwaka 2016 haikuwa imetangaza mpango wa kumuuzia mnunuzi huyu. Mchezaji wa kawaida pengine hana cha kuogopa. Msaudi aliyekimbilia ughaibuni kwa sababu ya maandishi yake ana sababu nzuri ya kulifuta gemu hili kwenye simu, na wala hatakuwa anaamini uzushi.

“Sina cha kuficha”

Mwaka 2019 tovuti ya habari za magemu Kotaku ilipata kutoka kwa wachezaji 10 wa magemu ya Niantic data zao wenyewe, walizozidai kampuni kwa kutumia sheria ya faragha ya Ulaya. Zilikuwa rekodi za mahali zaidi ya 25,000. Mtu akizipanga kwa saa na tarehe anaweza kukisia mchezaji analala wapi, anafanya kazi wapi na hupita njia gani kurudi nyumbani. Hakuna aliyekuwa ameficha chochote. Ratiba ya kawaida ya mtu wa kawaida ndiyo mwizi au mume wa zamani mwenye kisasi angeitaka.

“Mimi sichezi, hayanihusu”

Waliofungua kesi ya pamoja dhidi ya Niantic nchini Marekani hawakuwa wanacheza. Walikuwa wenye nyumba waliochoshwa na wageni wanaozurura malangoni mwao usiku kwa sababu programu imewaelekeza huko. Katika maafikiano ya mwaka 2019 kampuni ilikubali kushughulikia malalamiko ya wenye nyumba ambazo kituo cha mchezo kiko ndani ya mita 40. Hawakuwa wamebofya “nakubali” popote.

Anayependa gemu hili na aendelee kulicheza. Ni mojawapo ya machache yanayomtoa kijana kwenye kochi. Ila aingie kwenye mipangilio ya simu na aruhusu mahali wakati programu inatumika tu, azime Adventure Sync inayohesabu hatua hata gemu likiwa limefungwa, na ajiunge kwa anwani ya barua pepe ya pembeni. Kisha adai data zake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuona taarifa zake, na inazihusu hata kampuni za nje zinazochakata data za watu walioko Kenya. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume ya kupelekea malalamiko. Andika barua pepe fupi, uwaulize wenye gemu mambo mawili tu: rekodi za mahali ulikopita mnazihifadhi kwa muda gani, na ni nani mwingine amekwisha kupewa?