Tumebaki na majina ya steji, sinema zilienda wapi?

Ukipanda matatu kuingia mjini Nairobi, kuna sinema utazitaja hata kama hujawahi kuona moja. "Nishukishe Odeon." "Tupatane Globe." Ukiwa Thika Road, makanga atauliza kama kuna wa Drive-In. Ukiwa Mombasa Road kuna Bellevue. Majina haya nimeyatumia tangu shule ya msingi, na kwa miaka mingi nilidhani Odeon ni tajiri fulani wa zamani aliyejenga lile jumba. Drive-In nayo nilijua ni steji tu, basi.

Aliyenifungua macho ni mjomba wangu. Tulikuwa tumekwama kwenye jam pale Globe, dereva amezima injini, kila mtu ameinamia simu yake. Mjomba akanigusa bega.

"Unajua hapa palikuwa na sinema?"

"Anko, hapa wapi?"

"Hapa hapa. Unafikiri Globe ni nini?"

Jam ilikuwa ndefu, kwa hivyo stori nayo ikawa ndefu. Aliniambia jinsi vijana wa rika lake walivyokusanya pesa wiki nzima wakaenda mjini Jumamosi kutazama picha. Shati limepigwa pasi, viatu vimeng'arishwa, kwa sababu huwezi kuingia ukumbi wa watu mia kadhaa ukiwa kama umetoka kulisha ng'ombe. Kabla ya picha kuanza, wimbo wa taifa ulipigwa na kila mtu akasimama. Kisha taa zinazimwa polepole, pazia linafunguka kushoto na kulia, linazidi kufunguka mpaka unajiuliza kama ukuta wenyewe unaisha.

Halafu akanieleza kuhusu picha moja ya jangwani. Kuna mtu anakuja kutoka mbali juu ya ngamia. Mwanzo ni kitone tu, kama nzi aliyetua ukutani, kinatetemeka kwenye joto la mchanga. Hakuna muziki, hakuna maneno. Kitone kinakua pole pole, na ukumbi mzima umeshika pumzi ukingoja kujua kama anayekuja ni rafiki au adui. "Hakuna aliyekohoa," mjomba akasema.

Nilifika nyumbani nikaitafuta. Ni *Lawrence of Arabia* ya mwaka 1962, ya David Lean, na anayetoka jangwani ni Omar Sharif. Nikaifungua kwenye simu, nimelala kitandani. Picha ilikuja ikiwa utepe mwembamba katikati, juu na chini kuna weusi. Kama kawaida yangu nikaweka vidole viwili nikaitanua ijaze skrini. Nikamtafuta yule nzi wa mjomba. Sikumwona. Nilipomwona, tayari alikuwa mtu juu ya ngamia, na nilikuwa nishaanza kuboeka. Nikasongesha mbele.

Hapo ndipo nilipopata swali langu. Je, mimi na mjomba tumeona filamu moja?

Kwa maoni yangu, hapana. Na sisemi hivyo kwa sababu ya huruma ya mambo ya zamani, ni suala la hesabu. Miaka ya 1950, runinga zilipoanza kuwabakisha Wamarekani nyumbani, kampuni za Hollywood zilitafuta kitu ambacho runinga isingeweza kukitoa. Jibu likawa upana. Mwaka 1953 ilitoka *The Robe*, filamu ya kwanza ya CinemaScope. Lenzi ya kamera iliibana picha ili itoshe kwenye ukanda wa kawaida wa milimita 35, kisha lenzi ya projekta ikaitanua tena ukutani, mpaka upana wake ukapita mara mbili ya kimo. Baadaye zikaja filamu za milimita 70, ukanda wenye upana maradufu, picha safi hata ikikuzwa kuwa kubwa kama nyumba. *Lawrence* ilitengenezwa kwa ajili ya skrini za namna hiyo. Inachukua zaidi ya saa tatu na nusu, na ina mapumziko katikati.

Waongozaji walijifunza kuutumia huo upana. Mume anakaa ukingo wa kushoto, mke ukingo wa kulia, na uwazi ulio kati yao ndio unaokwambia ndoa imekufa. Sasa wewe njoo na vidole vyako viwili utanue picha ijaze simu. Umekata kingo zote mbili. Umebaki na uwazi, na mume na mke hawapo. Halafu unatuambia filamu za zamani zinaboesha.

Lakini nisije nikajifanya mjomba. Kila mtu anaposema "enzi zile", mimi huuliza: enzi za nani? Wakati wa ukoloni, burudani ya mji huu iligawanywa kwa rangi. Kulikuwa na filamu ambazo wakaguzi wa serikali waliruhusu Mzungu azione na kumkataza Mwafrika, eti zingemharibu akili. Watu wa vijijini walipata gari la sinema lenye kipaza sauti, picha za kufundisha kilimo na usafi, na baadaye matangazo ya sabuni na dawa ya meno. Yale majumba mazuri hayakujengwa tukifikiriwa sisi. Kizazi cha mjomba kilipita kwenye mlango ambao wazee wao walikuwa wamefungiwa. Labda ndiyo sababu walipiga shati pasi.

Kisha mlango huo ukafungwa tena, safari hii bila sheria yoyote. Kanda za video ziliingia miaka ya 1980. Zikafuata CD na DVD za barabarani, katikati ya mji pakawa pa kuogopwa usiku, na wenye pesa wakahamia maduka makubwa ya nje ya mji. Shan ya Ngara, iliyojulikana kwa filamu za Kihindi, leo ni Sarakasi Dome, na tushukuru kwamba wasanii bado wanapanda jukwaani pale. Kumbi nyingine ziligeuka makanisa, maduka na vibanda vya nguo. Siwalaumu waumini. Angalau wao walihitaji ukumbi mkubwa na wakaujaza watu.

Sasa nataka tuseme ukweli ambao wazee wanaoomboleza sinema huwa hawausemi. Ile raha ya kutazama pamoja haikufa. Ilihamia kibandani. Wewe uliyekulia mtaani unajua ninachosema: mabati, mabenchi, runinga imefungiwa kwenye kisanduku cha chuma, na DJ Afro anasimulia filamu ya Wachina mpaka unasahau kwamba hukuwa ukielewa neno hata moja. Watu arobaini wanacheka kwa pamoja. Mmoja anamwonya stelingi kwa sauti, "Nyuma yako!" na mwingine anamjibu, "Wacha apigwe, hajifunzi!" Kama unatafuta mtoto wa Odeon, nenda kibandani. Urithi wa ile kelele uko pale.

Kinachokosekana kibandani ni upana. Skrini ni ndogo, picha imekatwa kingo, na sauti ni ya spika moja inayokwaruza.

Upande wa pili kuna sinema za kwenye maduka makubwa. Huko skrini ipo, sauti ipo, viti ni laini. Mwaka 2012 mji huu ulipata hata skrini ya IMAX pale Mama Ngina Street. Lakini piga hesabu ya kijana wa Kayole au Kawangware: tiketi, kitu cha kutafuna, nauli ya kwenda, na nauli ya kurudi usiku, wakati makanga amepandisha bei kwa sababu anajua huna njia nyingine. Ni pesa ya chakula cha siku kadhaa. Nilimpeleka mjomba kwenye moja ya sinema hizo, siku ya katikati ya wiki. Skrini ilimfurahisha. Kisha akageuka akatazama viti. Tulikuwa watu sita.

"Watu wako wapi?" akaninong'oneza.

Tangu siku hiyo hilo ndilo swali ninalotembea nalo. Tuna mahali penye watu pasipo na skrini, na mahali penye skrini pasipo na watu. Majumba ya zamani, pamoja na dhambi zake zote, yaliviweka viwili hivyo chini ya paa moja. Ninachodai ni mkutano huo tu, marumaru na pazia la mahameli sivihitaji.

Najua kuna atakayesema: "Si ununue tu TV kubwa?" Sawa, nikipata doo nitanunua. Lakini TV ya nyumbani, iwe kubwa vipi, ina kitufe cha kusimamisha. Mtu ataniita nikatoe nguo kwenye kamba. Simu italia. Ukumbini picha haikungoji, nawe huna mamlaka juu yake, na hapo ndipo unapoanza kuitazama. Isitoshe, kicheko cha mtu usiyemjua kina nguvu. Kitu ambacho ukiwa peke yako ungekitabasamia kidogo tu, ukiwa na watu mia mbili kinakutoa machozi.

Mwingine atasema vijana wa leo hawawezi kupanga foleni kwa sababu ya filamu. Huyo amesahau Septemba 2018. Mahakama Kuu iliposimamisha kwa siku saba marufuku dhidi ya *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, watu walijaa sinema Nairobi, wengi wao vijana. Uwe uliipenda filamu hiyo au hukuipenda, jambo moja lilionekana wazi: ukiwapa watu picha inayozungumza nao, watatoka nyumbani.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi kuliko kwa Omar Sharif na ngamia wake. Waongozaji wetu wanatengeneza filamu kwa ajili ya skrini kubwa. Kumbuka *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, ya mwaka huo huo wa 2018: msichana mgonjwa anayependa filamu za mashujaa, na kijiji kizima kinachoungana kumtengenezea filamu yake mwenyewe. Hadithi nzima inahusu watu wanaokusanyika kwa ajili ya picha. Filamu kama hiyo huzunguka matamasha ya nje, wageni wanaiona ikiwa pana na wanapiga makofi. Sisi wenyewe tunaiona vipi? Kwenye flashi ya duka la muvi, au kipande cha sekunde thelathini kwenye status ya mtu. Wageni wanaziona hadithi zetu zikiwa nzima, nasi tunaziona zikiwa zimekatwa kingo.

Tufanyeje? Sidhani kuna mtu atakayerudisha Globe. Lakini kaunti ina kumbi za kijamii mitaani. Pale Kaloleni kuna ukumbi wenye historia kuliko duka kubwa lolote la mji huu. Projekta nzuri, kitambaa cheupe kipana, spika mbili tatu na mapazia ya kuzuia jua: hivi si vitu vya kukopea mkopo wa nchi. Jumamosi mchana, ili mtu arudi nyumbani mapema. Kiingilio cha kibandani. Filamu za Kenya kwanza, na watengenezaji walipwe haki yao, kwa sababu ukumbi wa umma unaoonyesha kazi ya wizi utawaua wale wale tunaotaka kuwainua. Wenye kibanda nao waingizwe kwenye mpango, maana wao ndio wanaojua kuita watu.

Sinema za madukani nazo zina viti vitupu kila Jumanne mchana. Kiti kitupu hakilipi kodi. Wawauzie wanafunzi wa vyuo kwa bei wanayoiweza, waone kama hatutakuja.

Na sisi? Sisi tuache kutanua picha kwa vidole. Kwa kuanzia tu: ukitazama filamu, acha ule weusi wa juu na chini ubaki, ujue kuna mtu aliyechagua kingo zile. Na filamu ya Kenya ikitangazwa kuonyeshwa ukumbini, jikaze uende wiki ya kwanza, usiende peke yako. Beba mbogi. Filamu zetu nyingi huondolewa kabla ya habari zake kufika mtaani, kwa sababu siku zile za mwanzo viti vilikuwa vitupu.

Mimi nimeanza kuweka akiba ya tiketi mbili kwa filamu ijayo. Mjomba ameshauliza ni lini. Anasema kuna shati lake moja linahitaji kupigwa pasi.