Neno la Mhariri: Jengo Moja, Bei Mbili

Kutoka Mabatini, jijini Mwanza, kwenye nyumba zilizopanda juu ya mawe, hospitali ya Bugando inaonekana vizuri kileleni mwa kilima chake. Mgonjwa akizidiwa usiku hubebwa mgongoni kwenye vijia vyembamba mpaka barabarani, akatafutiwa bajaji. Asubuhi ndugu wanamfuata na hotipoti ya uji. Toleo hili linajadili thamani ya majengo yanayowapokea watu kama hao, sasa ambapo ardhi ya mjini imekuwa ghali na hospitali zimeanza kutazamwa kama vitega uchumi.

Mthamini akipewa duka la eneo la Makoroboi, huangalia maduka jirani yameuzwa kwa kiasi gani. Hospitali haziuzwi kila siku, kwa hiyo mthamini hukokotoa gharama za kuzijenga upya, kisha akapunguza uchakavu. Mwekezaji huuliza jambo jingine: kwa mwaka jengo litaingiza kodi ya pango kiasi gani? Jengo ni lile lile, bei ni mbili. Hospitali ikiuza majengo yake na kubaki ndani, mpangaji ni yenyewe. Mwekezaji akilipa bei kubwa leo, atairudisha kwa kodi kubwa kesho, na kodi hiyo itatoka fungu lile lile la dawa, glavu na mishahara.

Marekani wameshayaona mambo haya. Kampuni ya hospitali ya Steward ilianza mwaka 2010, hospitali za Kanisa Katoliki za Boston na maeneo ya jirani ziliponunuliwa. Mwaka 2016 iliuza majengo kwa takriban dola bilioni 1.2, ikawa mpangaji. Mei 2024 iliomba kinga ya mufilisi mahakamani, na Agosti hospitali zake mbili, Carney na Nashoba Valley, zikafungwa.

Bugando nayo imebadili mikono. Ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikafunguliwa 1971, ikataifishwa 1972, ikarudishwa kwa maaskofu 1985 kwa makubaliano na serikali. Mwenye mali alibadilika mara mbili, wodi zikabaki wodi, kwa sababu kila aliyeipokea aliipokea kama hospitali.

Hatupingi uwekezaji. Paa linavuja, mabomba yanazeeka, na fremu za biashara kwenye ukuta wa barabarani zinaweza kuleta fedha za kuyatengeneza. Tunachodai ni utaratibu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatoa hati hadi miaka 99, na hati hubeba masharti ya matumizi. Basi sharti la jengo kutumika kwa tiba liandikwe kwanza, uthamini ufuate. Wodi, chumba cha upasuaji na maabara visiuzwe wala kuwekwa rehani. Mapato ya fremu yaingie akaunti ya hospitali, na mkataba ubandikwe mahali wananchi wanapoweza kuusoma.

Madiwani na wabunge wa Mwanza, hili liko mikononi mwenu. Mkiletewa mkataba, ulizeni kodi italipwa na nani kabla ya kuuliza jengo litauzwa shilingi ngapi.