Intaneti isiishie mijini

Mhariri,

Mkongo wa intaneti wa SEACOM, upitao chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, wa EASSy ukafuata 2010, na mijini faida imeonekana. Lakini huku vijijini Kasulu, mwanafunzi anayeomba mkopo wa chuo kikuu, ambao huombwa mtandaoni, hupanda bodaboda hadi mjini, hupanga foleni steshenari na kuskaniwa vyeti kimoja kimoja. Mtandao ukikatika kabla hajatuma, inambidi arudi kesho kwa nauli nyingine. Mwenzake wa mjini humaliza yote akiwa sebuleni kwao.

Hata mnara wa simu ukijengwa kijijini, peke yake hautoshi. Simu janja ni ghali, bando huisha upesi, na si kila kaya ina umeme wa kuchajia.

Sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa ajili ya maeneo yasiyovutia kampuni za simu. Naiomba serikali kupitia Mfuko huo iunganishe kila sekondari ya kata, na jioni chumba cha kompyuta kifunguliwe kwa wanakijiji. Huduma za umma zikihamia mtandaoni, mtandao nao utufikie.

Mzazi,
Kasulu, Kigoma.