Kupima Nako ni Kazi

“Mzee, si umebadilisha kampira tu?”

Kijana alisimama kando ya Subaru yake na noti ya shilingi elfu mbili mkononi. Nilikuwa nimemtajia elfu thelathini. Gereji yangu hapa Kabingo, kwenye kambi ya wakimbizi, ni turubai, benchi moja na sanduku la vifaa. Yeye alitoka Mbarara, na nadhani alitarajia bei ya wakimbizi.

Nieleze ilivyokuwa. Mbio za magari zikishakuja Mbarara, vijana wenye Subaru za turbo hawalali. Huyu alikuwa amefunga pampu kubwa ya petroli, na regileta ya shinikizo la petroli, ya kurekebishwa kwa skrubu, aliyoinunua soko la Kisekka, Kampala. Lakini akikanyaga hadi chini gari lilikosa nguvu, injini ikagonga. Fundi mmoja akamwambia petroli haitoshi, akaikaza skrubu, akaikaza tena. Sasa eksozi ilitema moshi mweusi, plagi nne zote zilikuwa na masizi, na tangi lilikauka kabla ya safari kwisha.

Nilifunga geji kwenye bomba la petroli. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, mshale ulisimama kwenye psi 60. Kisha nikachomoa kampira kembamba kanakotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye regileta. Mshale haukutikisika. Hapo nikacheka, mwanafunzi wangu akadhani nimeona mzimu.

“Papa, kuna nini?”

Kuna hili: kampira kale ndiko kanakoiambia regileta injini inavyopumua. Injini ikiwa imetulia, inanyonya, na shinikizo la petroli linashuka. Turbo ikisukuma hewa, shinikizo linapanda sawasawa na msukumo huo, ili nozeli iweze kurusha dhidi yake. Kakipasuka, kama haka, regileta inakuwa kiziwi. Turbo ikisukuma psi 15 na petroli ikabaki kwenye 43 ile ile ya kiwandani, nozeli inabakiwa na 28 tu, na petroli inayoingia inapungua karibu sehemu moja ya tano. Inapungua wakati ule ule pistoni zinapoihitaji zaidi. Ndiyo maana injini iligonga. Skrubu haikuwa na kosa lolote.

Kukaza skrubu hakuleti hata faida watu wanayoidhania. Ukipandisha kutoka psi 43 hadi 58, yaani thuluthi nzima, petroli inaongezeka kama asilimia 16 tu. Kisha unakuwa umeidanganya kompyuta ya gari, maana yenyewe haiioni petroli; inahesabu muda wa kufungua nozeli, ikiamini shinikizo ni lile la kiwandani. Ukienda polepole, kihisio cha oksijeni kinairekebisha kidogo. Ukikanyaga hadi chini inafuata jedwali lake, na jedwali sasa ni la gari jingine. Wapo wanaomlipa mtu wa kompyuta aandike jedwali jipya juu ya kampira kalikopasuka. Pesa hiyo heri uinunulie ndizi za hapa Isingiro, utashiba.

Niliweka kampira kapya. Nikakaacha bila kukaunganisha, nikaziba ncha, nikalegeza skrubu hadi 43, nikafunga nati yake. Nilipokarudisha, mshale ukashuka hadi 35. Vitabu vya pwani vingetaka ushuke zaidi, lakini sisi tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na mvuto wa injini nao ni mdogo. Nikamuuliza pia petroli anajaza wapi, maana ya kwenye chupa za kando ya njia siiamini kwa injini ya turbo. Ikichanganywa na mafuta ya taa, injini itagonga hata ukipima kama malaika.

Kazi ya saa mbili nzima. Na kijana ananipa bei ya kampira.

Simlaumu sana. Tumewazoesha wateja sisi mafundi wenyewe. Tunabadilisha pampu, halafu plagi, halafu nozeli, mpaka tuliotee tatizo, na mteja analipa kila mara kwa furaha kwa sababu ameona kitu kipya kikitoka kwenye boksi. Anayepima na kukuta pampu yako nzima anaonekana hakufanya kazi. Hata wanaotugawia vifaa hapa kambini wana mawazo hayo hayo: nimewahi kupewa spana seti mbili, lakini geji nilijinunulia, kwa akiba ya miezi mitatu.

Alilipa elfu kumi na tano, akaondoka akinung'unika, na kilima chote cha kwenda Kaberebere nilisikia turbo yake ikiimba bila kugonga.

Siku iliyofuata nikaandika kwenye ubao, kwa rangi nyekundu: KUPIMA 30,000. Mteja wa kwanza aliusoma mara mbili, akauliza kama bei hiyo ni pamoja na pampu.