Alama za Bunduki za Kale Zisifutwe

Mwezi Agosti 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Morogoro, na vita vikasogea kuizunguka milima ya Uluguru. Kumbukumbu za vita vile hazikulala makaburini peke yake. Zimo pia katika silaha. Endapo bunduki kuukuu itaonekana shambani Kilakala, au ndani ya sanduku la marehemu babu huko Visiwani, wananchi wafahamu kwamba chuma kile kina maandishi.

Bunduki ya Lee-Enfield, waliyoibeba askari wa Uingereza na wa King's African Rifles, huwa na alama zake kwenye chuma kinachoshika kitako: taji, herufi za mtawala, V.R., E.R. au G.R.; jina la kiwanda, kama Enfield, B.S.A. ya Birmingham au Ishapore ya India, kisha mwaka. Mshale mpana ni alama ya mali ya Serikali ya Uingereza. Herufi D.P. zaonyesha bunduki ya mazoezi tu, isiyofaa kufyatuliwa.

Hata hivyo ni rahisi kukosea. Singe yenye namba 1907 haikutengenezwa mwaka huo: huo ni mwaka wa mtindo wake, na tarehe ya kiwandani imo chini yake. Mtutu nao huenda ulibadilishwa. Namba ya komeo isipolingana na ya mtutu, ni dalili kwamba vipande vimetoka katika bunduki mbalimbali.

Ndugu zetu wa Visiwani wanaujua uzito wa jambo hili. Usiku wa kuamkia Januari 12, 1964, ghala la silaha la polisi pale Ziwani lilichangia kugeuza mkondo wa historia. Ni nani leo awezaye kuthibitisha kwamba bunduki fulani ilitoka pale, ila kwa namba yake?

Kwa hiyo anayepiga tupa alama hizo, kwa hofu au kwa tamaa ya kuuza chuma chakavu, anaua shahidi. Na ofisa anayeteketeza silaha bila kuandika namba zake hana tofauti naye. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania iliitia saini, inadai silaha ziwekwe alama na kumbukumbu zitunzwe.

Tunawaasa wananchi wasiiguse silaha waliyoiokota, kwani huenda ina risasi, bali watoe taarifa polisi upesi. Tunawaomba viongozi nao wampokee kwa heshima mjane anayesalimisha bunduki ya marehemu mumewe, wasimfanye mhalifu; la sivyo atakayemfuata ataitupa mtoni. Kabla ya moto kuwashwa, kila alama iandikwe na kupigwa picha, na nakala ipelekwe Makumbusho ya Taifa. Chuma kikiyeyuka hakisomeki tena.